Mtoto wa Mikono Mingi: Malezi na Michezo Katika Historia ya Ituri

Kuanzia saa kumi jioni, shule zikishafungwa, njia za Nyakasanza, Mudzipela na Lumumba mjini Bunia huwa mali ya watoto. Wasichana hujipanga mistari miwili kwa nzango, wakipiga makofi, wakiruka na kutupa mguu mbele kwa mpigo mmoja. Wavulana husukuma magari ya waya na makopo ya sardini, magurudumu yamekatwa kwenye kandambili zilizochakaa. Katikati yao mara nyingi yumo yaya wa miaka tisa au kumi aliyemfunga mdogo wake mgongoni kwa kikwembe. Zamu yake ya kuruka ikifika, anamkabidhi mwenzake mtoto, anacheza, kisha anampokea tena.

Kupokezana mtoto namna hiyo ni desturi ya zamani Ituri, na ni desturi iliyoandikwa sana. Wataalamu walikaa msituni na saa mkononi wakihesabu ni nani amembeba mtoto na kwa muda gani. Miaka mingi baadaye Ituri hiyo hiyo ikatajwa duniani kwa sababu nyingine: hukumu ya kwanza kabisa ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilihusu watoto wake walioingizwa jeshini. Mambo hayo mawili yanastahili kusimuliwa pamoja, kwa kuwa la kwanza linaonyesha kilichokuwapo, na la pili linaonyesha kilichoporwa.

Tuanze msituni. Ukitoka Bunia kuelekea magharibi, ukapita Komanda na Mambasa, unafika Epulu, katikati ya msitu wa Ituri. Padre na mtafiti Paul Schebesta aliishi na Wambuti, wawindaji wa msitu huo, mwaka 1929 na 1930, akarudi tena miaka ya 1930. Baada yake alikuja Mwingereza Colin Turnbull, aliyefika Epulu kwa mara ya kwanza mwaka 1951 na kurudi mara kadhaa. Kitabu chake *The Forest People*, kilichotoka mwaka 1961, kiliwafanya Wambuti wajulikane dunia nzima, na kurasa zake nyingi zinahusu watoto.

Turnbull aliandika kwamba kila kambi ya Wambuti ilikuwa na bopi, yaani uwanja wa watoto. Bopi ilikuwa kando kidogo ya vibanda, mbali kiasi kwamba wakubwa hawakuingilia mchezo, karibu kiasi kwamba kilio cha mtoto kilisikika. Watoto walijenga huko vibanda vyao vidogo. Baba alimfumia mwanawe wavu mfupi, na watoto walitega wavu huo wakimwinda mwenzao au hata mzee aliyekubali kuwa mnyama kwa siku hiyo. Wasichana walipewa vikapu vidogo, wakachuma majani na uyoga, na walichopata kikapikwa. Walijua pia mchezo wa mti: wanapanda mti mchanga wote kwa pamoja mpaka kilele chake kiiname karibu na ardhi, halafu wanaruka chini kwa mara moja. Anayesitasita hurushwa juu na mti unaojinyoosha. Mtoto alijifunza hapo kwamba usalama wake uko katika kwenda sawa na wenzake, na hakuna mkubwa aliyehitaji kumhubiria.

Watoto wa bopi waliigiza pia ugomvi wa wazazi wao. Kama mume na mke waligombana asubuhi, mchana watoto walirudia maneno yale kwa mbwembwe, na mchezo uliishia katika kicheko. Kwa Wambuti wa Epulu, mtoto alimwita baba kila mwanaume wa umri wa baba yake, na mama kila mwanamke wa rika la mama yake. Karipio lingeweza kutoka kwa yeyote kati yao, na kadhalika chakula.

Turnbull aliwapenda Wambuti mno, na wengine walimlaumu kwamba alipamba. Kwa sababu hiyo kazi iliyofuata ina uzito wa pekee. Mwaka 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walianzisha mradi wa muda mrefu katika msitu wa Ituri, wakiishi kati ya Waefe, ambao ni wawindaji, na Walese, ambao ni wakulima. Edward Tronick, Gilda Morelli na Steve Winn walifuatilia watoto wachanga wa Kiefe dakika kwa dakika na mwaka 1987 wakachapisha matokeo. Mtoto wa wiki tatu alikaa asilimia 39 ya muda wake mikononi mwa watu wasio mama yake. Alipofika wiki ya 18, kiwango kilipanda hadi asilimia 60. Kwa wastani mtoto mmoja alishikwa na walezi 14 katika miezi yake ya kwanza, na wanawake wengine wenye maziwa walimnyonyesha pia, hasa siku za mwanzo kabla maziwa ya mama mzazi hayajashuka.

Takwimu hizo ziligusa mjadala mkubwa wa dunia. Tangu mwaka 1951, daktari Mwingereza John Bowlby alipoandika taarifa kwa Shirika la Afya Duniani, wataalamu wengi wa Ulaya na Marekani walishikilia kwamba mtoto mchanga anahitaji kwanza kabisa mtu mmoja wa kushikamana naye, na mtu huyo ni mama. Watoto wa Kiefe walikuwa na watu kumi na zaidi, na hawakukosa utulivu. Waliendelea kumjua na kumtaka mama yao, huku wakiwa na imani na kambi nzima. Akina mama wa Bunia wanaomwachia jirani mtoto ili waende sokoni hawakusoma utafiti huo, lakini wanaishi ndani ya jambo lile lile lililopimwa.

Msitu huo huo ulitoa picha nyingine ambayo walimu wa malezi huizungumzia hadi leo. Mtafiti David Wilkie alimpiga picha mtoto wa Kiefe wa miezi 11 akipasua tunda kwa panga, na nyuma yake ndugu yake anamwangalia. Mtaalamu Barbara Rogoff aliiweka picha hiyo katika kitabu chake cha mwaka 2003 kuhusu utamaduni na ukuaji wa binadamu. Wasomaji wengi wa mbali wanaona panga tu. Jicho la ndugu aliye nyuma lina uzito zaidi kuliko panga. Mtoto hakuachiwa kifaa kikali akiwa peke yake. Aliruhusiwa kujaribu kazi halisi, ndugu akiwa karibu naye.

Nje ya msitu, kwenye nyanda za juu zinazoshuka hadi Ziwa Albert, mchezo na kazi vilichanganyika kwa namna nyingine. Wahema walifuga ng'ombe, Walendu na Wabira walilima, Waalur wa kaskazini walilima na kuvua. Mvulana wa mfugaji alianza na ndama kabla ya kukabidhiwa ng'ombe wakubwa, na akiwa malishoni alifinyanga kundi lake mwenyewe kwa udongo, kila dume na pembe zake. Msichana wa mkulima alipewa jembe lenye mpini mfupi na kipande chake cha shamba. Watoto wa Kasenyi na Tchomia walijifunza ziwa wakiwa na ndoano na kamba kabla ya kuruhusiwa kupanda mtumbwi. Usiku ulikuwa wa nyanya na babu. Hadithi zilisimuliwa kando ya moto, na mtoto aliyesikiliza leo alidaiwa yake kesho.

Halafu ikaja dhahabu.

Mwaka 1903 watafutaji wawili kutoka Australia, Hannan na O'Brien, waligundua dhahabu eneo la Kilo, kaskazini magharibi ya mahali ulipo mji wa Bunia. Machimbo ya Kilo na Moto yalihitaji mikono, na mikono hiyo ilichukuliwa vijijini, mara nyingi kwa nguvu. Mwaka 1926 iliundwa kampuni ya Kilo-Moto. Baba aliyekwenda Mongbwalu au Kilo hakuwapo tena jioni kumfumia mwanawe wavu. Wapagazi walibeba vyakula na vifaa kwa mwendo wa siku nyingi, na akina mama walilima kwa ajili ya nyumba zao na kwa ajili ya machimbo. Bunia yenyewe ilikua ikiwa kituo cha magari, maduka na ofisi, kati ya machimbo na barabara inayoshuka Kasenyi, bandari ya ziwani. Familia za makabila mengi zilikutana katika mji mmoja, na watoto wao wakapata lugha ya kuchezea: Kiswahili.

Serikali ya kikoloni ilikuwa na hofu yake kuhusu watoto. Wakubwa wa Kongo ya Kibelgiji waliona kwamba idadi ya watu haiongezeki, na bila watu hakuna wafanyakazi. Mwaka 1912 ilianzishwa jumuiya ya kuwalinda watoto Waafrika, na baadaye vikaenea vituo vya kuwapima watoto uzito na kugawa maziwa. Kulikuwa na faida ya kweli: watoto wengi walipata dawa na chanjo. Lakini ushauri ulikuja pamoja na dharau. Mama aliyenyonyesha miaka miwili au mitatu aliambiwa kwamba anachelewesha mimba inayofuata. Kubeba mtoto mgongoni, kumnyonyesha kila aliapo na kumpa jirani amshike kulihesabiwa kuwa ushamba. Leo Shirika la Afya Duniani linashauri kunyonyesha hadi miaka miwili au zaidi, na madaktari wa watoto wanasifu mtoto kugusana ngozi kwa ngozi na mzazi wake. Bibi wa Ituri aliyekaripiwa kwenye mizani ya kliniki alikuwa na haki.

Misheni ilileta shule, na shule ilileta kengele. Mtoto aliyekuwa na siku nzima ya kuzunguka na rika lake alianza kukaa kwenye benchi. Hata hivyo misheni zilijenga pia viwanja vya mpira na vyama vya vijana. Mwaka 1952 huko Bukavu, padre Georges Defour wa Wamisionari wa Afrika alianzisha chama cha Xaveri, kilichoenea katika parokia za mashariki ya Kongo. Vijana walipanga michezo, nyimbo, matembezi na kazi za kusaidia wazee, wakubwa wakiongoza wadogo. Wazazi wengi wa Bunia walikubali chama cha aina hiyo kwa urahisi, kwa sababu mkubwa kumwongoza mdogo ndiyo kazi ambayo yaya alikuwa akiifanya nyumbani siku zote.

Enzi ya Mobutu ilichukua mchezo wa watoto ikaufanya wa serikali. Kila asubuhi wanafunzi walisimama mbele ya bendera, na siku za sherehe walicheza na kuimba sifa za chama cha MPR. Wengi wa rika hilo, ambao sasa ni mababu na nyanya, bado wanakumbuka hatua za ngoma zile zaidi kuliko masomo yao. Upande mwingine, miaka ya 1970 ilileta Bunia kitu kilichobaki na faida: Radio Candip, redio ya elimu iliyozaliwa katika chuo cha ualimu cha ISP Bunia. Vijijini viliundwa vilabu vya wasikilizaji, watu wakikaa pamoja kusikiliza vipindi na kujadili. Redio moja kati ya majirani ilikusanya wazazi na watoto mahali pamoja, jioni, kama moto ulivyowakusanya zamani.

Vita vya Ituri vya mwaka 1999 hadi 2003 vilivunja hayo yote. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba raia wapatao 50,000 walikufa ndani ya muda huo. Mwezi wa tano 2003 Bunia ilipigwa vibaya sana, na maelfu ya watu walikimbilia karibu na kituo cha MONUC, kikosi cha Umoja wa Mataifa, na uwanja wa ndege. Tarehe 30 Mei Baraza la Usalama liliidhinisha jeshi la Ulaya lililojulikana kwa jina la Artemis, lililokaa mjini hadi Septemba. Kartie zilizokuwa zimechanganyika ziligawanyika. Mama hakuweza tena kumwachia jirani mtoto, kwa sababu jirani alikuwa ameuawa, amekimbia, au ameitwa adui.

Watoto wenyewe walichukuliwa. Tarehe 12 Februari 2003 Thomas Lubanga, kiongozi wa kundi la silaha la UPC, alitembelea kambi ya mafunzo ya Rwampara, karibu na Bunia, na kamera ilirekodi. Miaka kadhaa baadaye picha hizo zilionyeshwa mahakamani The Hague, na majaji waliziona sura za watoto kati ya waliojipanga. Kesi ilianza Januari 2009. Tarehe 14 Machi 2012 Lubanga alikutwa na hatia ya kuwaandikisha watoto wa chini ya miaka 15 na kuwatumia vitani, na Julai mwaka huo akahukumiwa miaka 14 jela. Watoto waliotakiwa kujifunza kwenda sawa na wenzao kwa kuruka kutoka mtini walifundishwa kwenda sawa kwa amri na kipigo.

Baada ya vita, UNICEF na mashirika kadhaa yalifungua vituo vya kuwapokea watoto waliotoka katika makundi ya silaha. Mle ndani kulikuwa na dawa, chakula na masomo, lakini pia mpira, ngoma, michoro na maigizo. Walezi waliofanya kazi hiyo wanastahili heshima kubwa. Kijana aliyezoea kuogopwa alilazimika kujifunza upya kushindwa katika mchezo bila kumpiga aliyemshinda. Kongo nayo iliandika sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 ya kumlinda mtoto. Tangu mwaka 1990, ikiwa bado inaitwa Zaire, nchi hiyo ilikuwa imeridhia Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao kifungu chake cha 31 kinataja waziwazi haki ya kucheza.

Ebola ilipotangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018 na kuingia Ituri, desturi ya kumshika mtoto wa mwenzako iligeuka hatari. Kabla ugonjwa haujatangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa. Mama akilazwa, nani angethubutu kumbeba mwanawe? Jibu lilipatikana Beni, Kivu Kaskazini. Karibu na kituo cha matibabu UNICEF ilifungua nyumba ya watoto wachanga, na waliowabeba ni wanawake waliougua Ebola wakapona. Miili yao ilikuwa na kinga, hivyo waliweza kumkumbatia mtoto ambaye wengine hawakuweza kumgusa. Waliwalisha, wakawaimbia na kuwalaza mpaka mama apone au ndugu apatikane. Wanasayansi walioandika kuhusu Waefe mwaka 1987 wangeitambua mara moja kazi ya wanawake hao.

Leo Bunia ina watoto wengi waliofika wakiwa na wazazi wao au bila wazazi, wakikimbia mashambulizi ya Djugu na Irumu. Katika kambi ya Kigonze, mahema ya turubai yamesongamana, na mahali pa kukimbilia ni padogo. Tangu tarehe 6 Mei 2021 mkoa uko chini ya hali ya dharura ya kijeshi, na familia nyingi hutaka watoto wawe ndani mapema. Parsele za mjini zinagawanywa mara mbili na tatu. Simu imeingia pia, na mzazi aliyechoka humpa mtoto simu ili apate dakika za kupika.

Mzazi huyo hastahili kulaumiwa. Anafanya peke yake kazi iliyokuwa ya watu 14. Anachoweza kufanya ni kuchukua vitu vidogo kutoka katika historia ya mkoa wake, na vingi havigharimu faranga. Anapopika bugali na sombe, mtoto wa miaka minne anaweza kuwa na sufuria yake ndogo ya kuchambulia majani, na walichochambua kiingie kweli kwenye chakula cha nyumba, kama uyoga wa watoto wa Epulu. Mifuko ya plastiki na kamba hufanya mpira. Baba akiusokota pamoja na mwanawe, wamepata nusu saa ya mazungumzo ambayo maswali ya mezani hayaileti. Udongo wa mtoni hufanya ng'ombe, nyumba na pikipiki. Usiku, hata chumbani mlango ukiwa umefungwa, kila mtu anaweza kudaiwa hadithi moja, mdogo kuliko wote akianza. Na watoto wakiigiza ugomvi wa nyumbani, mzazi asikimbilie kuwanyamazisha. Asikilize kwanza wanachosema.

Yaya pia ahesabiwe. Msichana wa miaka kumi anayebeba mdogo wake kila siku hujifunza mengi, lakini akimbeba kutwa nzima huikosa shule, na nzango huiangalia kwa mbali. Kwa Waefe mtoto alipita kwa watu wengi ili mzigo usimwelemee mmoja. Kaka zake wana mgongo pia, na baba yake vilevile.

Kinachobaki ni mahali, na hapo mzazi mmoja hawezi peke yake. Bunia ina shule nyingi zenye uwanja unaofungwa masomo yakiisha, na parokia na makanisa yenye ua mpana ambao siku za kazi huwa mtupu. Wakurugenzi wa shule, mapadre, wachungaji na wakuu wa kartie wanaweza kukubaliana milango hiyo ikae wazi kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja na nusu. Wazazi wa avenyu zilizo jirani wapeane zamu ya kukaa pale, wawili kila siku, mmoja mzee na mmoja kijana, wakiwa na maji ya kunywa na orodha ya majina, na watoto wa kambini waandikwe kwenye orodha hiyo hiyo pamoja na watoto wa mjini.